Vlad Mtunga Watu na Dracula Mnyonya Damu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akishajua kwamba nimesoma sana habari za huyu jamaa basi maswali hayaishi, na mengi ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua kuyajibu yote hapa mara moja. Wengi wetu Dracula tulimjulia kwenye kibanda umiza, umekaa kwenye benchi la mbao, muvi ni ya zamani, kuna msimuliaji anaongea Kiswahili juu ya sauti za wazungu na anaongeza chumvi zake, ukitoka pale unaamini kabisa kulikuwa na mfalme huko Ulaya aliyekuwa anakunywa damu kama mtu anavyokunywa uji. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi.

Hivi Dracula alikuwepo kweli au ni stori tu?

Wapo wawili, na mkanganyiko wote unaanzia hapo. Wa kwanza ni mtu kabisa, Vlad wa Tatu, amezaliwa karibu na 1431, akatawala Wallachia, nchi iliyokuwa kusini mwa milima ya Karpati na ambayo leo iko ndani ya Romania. Wa pili ni Kaunti Dracula, huyu hakuzaliwa popote, alitungwa na Bram Stoker, Mwairishi wa Dublin aliyekuwa meneja wa ukumbi wa maigizo wa Lyceum pale London, kitabu kikatoka Mei 1897. Kutoka kifo cha yule wa kwanza mpaka huyu wa pili kutokea ni kama miaka 420.

Kwa Kiswahili ni rahisi kukumbuka: Vlad alitunga watu, Stoker alitunga hadithi. Kama utani huo umekupita subiri ufike kwenye swali la miti.

Kaunti? Kama kaunti yenye gavana?

Hapana bana, Wakenya tulieni. Ni cheo cha kikabaila cha Ulaya, bwana mwenye ardhi, kasri na watu chini yake, huku pwani labda ungemwita mwinyi. Na Vlad hakuwahi kuwa kaunti hata siku moja, yeye alikuwa voivoda, yaani mtawala wa nchi nzima na mkuu wa jeshi lake. Stoker alimshusha cheo.

Jina Dracula limetoka wapi sasa?

Limetoka kwa baba. Baba yake naye aliitwa Vlad (wa Pili), na mwaka 1431 aliingizwa kwenye Chama cha Joka, chama cha wakubwa kilichoanzishwa na Sigismund mfalme wa Hungaria kwa ajili ya kupigana na maadui wa Ukristo, hasa Waturuki. Joka kwao lilikuwa drac, mzee akaanza kuitwa Dracul, Joka mwenyewe, na mtoto akawa Drăculea, mtoto wa Joka. Wala halikuwa tusi, Vlad alikuwa anasaini barua kwa jina hilo, ni sawa na mtu kwetu kuitwa mtoto wa Simba na akatembea kifua mbele.

Tatizo ni kwamba neno drac lina maana ya shetani pia, na kwa Kiromania cha leo maana ya shetani ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo ukilisikia jina bila kujua historia ya chama unasikia "mtoto wa shetani". Shika hiyo, maana ndiyo iliyomnasa Stoker.

Kwa hiyo Stoker alipoandika kitabu alikuwa anamwandika Vlad?

Hapa ndipo watu wanaponibishia mpaka povu, lakini ushahidi upo, maana karatasi za Stoker za kupangia kitabu zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Rosenbach, Philadelphia, na watu wamezisoma mstari kwa mstari. Alianza kupanga 1890, na lile jitu lake mwanzoni liliitwa Wampyr, yaani mnyonya damu. Ndiyo, Kaunti Wampyr, ambalo ni sawa na kumwita mwizi kwenye stori yako Bwana Mwizi. Na lilikuwa linaishi Styria, kule Austria, sio Transylvania, eneo la kaskazini mwa Wallachia, kama ilivyo kwenye kitabu.

Kiangazi cha mwaka huohuo Stoker akaenda likizo Whitby, mji mdogo wa bahari kaskazini mwa Uingereza. Akaazima kitabu maktaba ya pale, kimeandikwa na William Wilkinson, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Uingereza kule Bucharest, kimetoka 1820, kinahusu Wallachia na Moldavia. Ndani yake kuna mistari michache kuhusu voivoda mmoja aliyeitwa Dracula aliyevuka mto Danube akawapiga Waturuki, halafu kuna maelezo chini ya ukurasa kwamba neno Dracula kwa lugha ya kule ni shetani, na watu walipewa jina hilo kwa ushujaa, ukatili au ujanja. Stoker akanakili maelezo yale. Mimi nikiwaza picha naiona hivi, jamaa yuko likizo, upepo wa baharini nje, kitabu cha watu mkononi, anafika kwenye neno lile anasimama. Halafu kwenye karatasi zake Wampyr limekatwa, juu yake pameandikwa Dracula.

Basi, hicho ndicho alichochukua kwa Vlad. Kwenye karatasi zile hakuna jina Vlad, hakuna habari za kutunga watu kwenye miti, na Wilkinson mwenyewe hakuyaandika hayo. Ndani ya riwaya nako utatafuta neno Vlad utachoka. Kuna sehemu Kaunti anajisifia ukoo wake, anataja mmoja wao aliyevuka mto mkubwa akampiga Mturuki nyumbani kwake, halafu analalamika kuhusu ndugu asiyefaa aliyeuza watu wake kwa Waturuki (huyo ni Radu, nitamfikia), na baadaye profesa Van Helsing, anayemwinda Kaunti, anasema bila shaka huyu ndiye yule voivoda Dracula wa zamani. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Hata kabila hawafanani, Kaunti anajitambulisha kuwa ni Mszekely, watu wa jamii ya Kihungaria, wakati Vlad ni wa Wallachia.

Wazo kwamba hawa wawili ni mtu mmoja lilishika kasi 1972, wanahistoria wawili wa Boston walipotoa kitabu cha kuwaunganisha, muvi zikadaka hapohapo na leo ukiandika jina moja kwenye simu linakuletea picha ya mwingine.

Habari za kuwatunga watu kwenye miti ni kweli?

Hiyo ni kweli, na ndiyo maana jina lake la utani ni Țepeș, kutokana na neno la mti uliochongwa, ingawa lilimshika zaidi baada ya kufa. Waturuki nao walimwita hivyohivyo kwa lugha yao, Kazıklı. Mtu anachomekwa kwenye mti mrefu uliochongwa, anasimamishwa juu kama mshikaki, na kama aliyefanya anaijua kazi yake basi kufa kunachukua muda. Adhabu hii hakuivumbua yeye, Waturuki waliitumia na huko Ulaya ya kati ilijulikana pia, yeye alizidisha idadi tu.

Tukio kubwa kuliko yote ni la 1462. Vlad alikuwa amekataa kulipa kodi ya utii kwa Sultani Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Constantinople 1453, kijana mbabe kabisa. Baridi ya 1461 kuingia 1462 Vlad akavuka Danube akachoma kila kitu, halafu Februari 1462 akamwandikia mfalme wa Hungaria barua ya hesabu, ameua watu 23,884, na akaeleza kabisa kwamba hapo hajahesabu waliounguzwa ndani ya nyumba zao wala wale ambao vichwa vyao havikuletwa. Soma hapo tena. Hii sio propaganda ya adui, ni yeye mwenyewe anapeleka ripoti kama karani wa ghala, mji mmoja mmoja na idadi yake.

Sultani akaja na jeshi. Usiku wa 17 Juni Vlad akavamia kambi akitaka kumuua Sultani kitandani, akamkosa. Jeshi liliposogea karibu na Târgoviște, mji mkuu, likakuta uwanja umejaa watu juu ya miti, mwanahistoria wa Kigiriki wa wakati huo, Chalkokondyles, anasema kama 20,000, eneo la karibu kilomita tatu kwa moja, wanaume, wanawake na watoto, na Hamza, aliyekuwa mkuu wa Sultani, kapewa mti mrefu kuliko wengine kwa ajili ya cheo chake. Namba za watu wa zamani uzipunguze kidogo, lakini usiipunguze picha. Huyohuyo anasema Sultani alibaki anashangaa kwamba mtu mwenye uwezo wa kufanya hivi utamnyang'anyaje nchi yake.

Alimnyang'anya hivyohivyo. Hakumshinda kwa upanga, aliwapa watu mbadala.

Huyo Radu ni nani?

Mdogo wake. Hii ndiyo sehemu ambayo muvi zinairuka na kwangu mimi ndiyo tamu kuliko popo wote. Mwaka 1442 hivi baba yao alishikiliwa na Waturuki, akaachiwa kwa sharti la kuacha watoto wawili rehani, Vlad na Radu. Wakakulia mikononi mwa Waturuki miaka kadhaa. Radu akazoea, akawa mtu wa ikulu, Vlad akatoka na kinyongo. Wakiwa huko, 1447, makabaila wa nyumbani wakishirikiana na Wahungaria wakamuua baba na kaka yao mkubwa, Mircea, inasemekana huyu alizikwa mzima.

Na sasa uone siasa ilivyo, mara ya kwanza Vlad kukalia kiti cha Wallachia, 1448, alisaidiwa na Waturuki haohao! Alikaa kama miezi miwili akafurushwa. Akarudi 1456 akatawala mpaka 1462, ndio miaka ya miti yote ile. Ilipofika 1462 Sultani akamleta Radu, makabaila wakaona bora huyu hachomi watu, wakahamia kwake. Vlad akakimbilia kwa mfalme wa Hungaria kuomba msaada, mfalme akamtia ndani. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka kumi. Kaunti wa kwenye riwaya ana jeneza, huyu alikuwa na ndugu.

Alikuwa anakunywa damu?

Hapana. Hata maadui zake, na walikuwa wengi, hawakusema hivyo kwenye vijitabu vyao.

Vijitabu gani? Wajerumani wa Transylvania, wanaitwa Wasaksoni, walikuwa wafanyabiashara wa miji kama Brașov, na Vlad aligombana nao kuhusu biashara na kuhusu kuwaficha watu waliokitaka kiti chake, akawachomea mitaa na kutunga watu wao. Mashine za kuchapa vitabu ndiyo kwanza zimeanza kuenea, na stori za Vlad zikawa moja ya vitu vya mwanzo kuuzika, Nuremberg, Strassburg, miji kibao. Kile cha Nuremberg cha 1499 kina picha mbele: Vlad amekaa mezani anakula, pembeni yake kuna msitu wa watu waliotungwa, na mbele ya meza mtu ana shoka anakatakata viungo. Miaka zaidi ya ishirini baada ya kufa bado uso wake unauza! Kwa hiyo ukiniuliza nani alimgeuza kuwa zimwi, jibu langu sio Stoker, ni hawa wachapaji, walimtangulia kwa miaka 400.

Ndani ya stori hizo kuna moja siisahau. Kabaila mmoja alikuwa naye kati ya maiti, harufu imemshinda, akaziba pua. Vlad akaamuru atungwe na yeye, ila kwenye mti mrefu zaidi ili harufu isimfikie. Kama ni kweli au ni ya kuongezea sijali, aliyeitunga alijua kazi yake.

Kuhusu damu kuna jambo moja la karibuni. Mwaka 2023 wanasayansi wa Italia walipima barua alizoandika kwa watu wa Sibiu, za 1457 na 1475, wakatoa chembechembe za protini zilizobaki kwenye karatasi, wakasema huenda alikuwa na ugonjwa unaofanya machozi yatoke na damu. Magazeti yakapagawa. Ila wenyewe walisema huenda, na karatasi ya miaka 500 imeshikwa na mikono mingi. Na hata ingekuwa kweli, kulia damu na kunywa damu ni vitu viwili.

Sura zao zinafanana?

Hata kidogo. Vlad alielezwa na mjumbe wa Papa aliyemwona kwa macho akiwa mfungwa kule Hungaria: sio mrefu sana, amejazia, uso mwembamba mwekundu, pua kali iliyopinda, nyusi nyeusi nene, macho ya kijani yaliyofunguka wazi. Ile picha yake maarufu yenye kofia nyekundu ya lulu na masharubu marefu iko kasri la Ambras, Austria.

Kaunti wa Stoker ni mzee mrefu, masharubu meupe, masikio yamechongoka, viganja vina nywele katikati na pumzi inanuka. Hana suti ya kupendeza wala nywele za mafuta, hizo zimeletwa na jukwaa na sinema. Na kuna kitu kinanichekesha kila nikisoma, kasri lile kubwa halina mtumishi hata mmoja, kwa hiyo mgeni wake Harker anamkuta Kaunti mwenyewe anatandika kitanda, halafu anachungulia kwenye upenyo wa bawaba za mlango anamwona anaandaa meza. Mnyonya damu wa karne nyingi anapiga kazi za hausiboi kimyakimya ili mgeni asijue. Vlad angekuwa ameshatunga mtu kwa aibu hiyo.

Kitunguu saumu, kioo, jua?

Saumu na kioo vipo kwenye riwaya. Jua kumuua hakipo, Kaunti anatembea mchana London bila shida ila nguvu zake zinapungua. Jua liliingia na sinema bubu ya Kijerumani ya 1922, ambayo mjane wa Stoker aliishtaki kwa kuiba hadithi ya mumewe na mahakama ikaamuru nakala zake ziharibiwe.

Na kufa kwake? Watu wanasema mti moyoni. Mti ulimpata Lucy, msichana aliyegeuzwa mnyonya damu na Kaunti, sio yeye. Kaunti anakufa kwa visu viwili, kimoja shingoni kimoja moyoni, kwenye theluji jua likizama. Yaani amebeba jina la mzee wa miti na mti wenyewe haukumgusa.

Nikienda Romania nitaona kasri la Dracula?

Utapelekwa Bran, karibu na Brașov, tiketi, foleni, tisheti, vikombe vyenye meno. Ni kasri zuri sana na Vlad hakuwahi kulimiliki wala Stoker hakuwahi kulikanyaga (Romania yote hakufika, alisoma tu). Ukimtaka Vlad nenda Târgoviște kwenye magofu ya ikulu, au Poenari, ngome yake juu ya mlima, ngazi 1,480, wenye magoti mabovu mjipange. Ukimtaka Kaunti kasri lake liko kwenye njia ya Borgo huko kaskazini, maana yake halipo, ila mwaka 1983 walijenga hoteli hapo ili wageni wasirudi na huzuni.

Waromania wanamwonaje?

Wengi wanamwona shujaa, mtawala mkali aliyesimama mbele ya dola kubwa. Shuleni wanafundishwa stori ya kikombe cha dhahabu alichokiacha kwenye kisima cha mjini watu wanywee maji, na hakuna aliyethubutu kukiiba. Mshairi wao mkubwa Eminescu alimwita kwenye shairi la 1881 arudi awashughulikie wala rushwa, na 1976 serikali ya rais wa wakati huo, Ceaușescu, iliadhimisha miaka 500 ya kifo chake mpaka stempu ikatoka. Kwa hiyo ukienda pale ukamwambia mtu "huyu si yule vampaya wenu", usishangae akikunja uso.

Ni sawa na mumiani?

Ndugu wa mbali. Mumiani wetu hana kasri wala joho, wakati wa mkoloni Nairobi, Mombasa na Dar watu walikuwa wanaogopa wazimamoto, inasemwa wanakamata watu usiku damu ikatengenezwe dawa. Kwetu mnyonya damu alikuwa na yunifomu na gari la serikali, na mimi naona alikuwa na mantiki kuliko popo. Popobawa wa Pemba wa 1995 jina lake ni la popo ila habari yake si ya damu.

Eti Mfalme Charles ni wa ukoo wa Vlad?

Amesema mwenyewe, kupitia kwa mama wa babu yake, Malkia Mary. Na aliwahi kununua nyumba Transylvania, kijiji cha Viscri. Kiti cha Wallachia hajakiomba.

Alikufaje, na kaburi liko wapi?

Alifunguliwa 1475, akarudi kwenye kiti mara ya tatu mwishoni mwa 1476, akakaa wiki chache tu akauawa vitani dhidi ya Waturuki na mpinzani wake, mwaka ukiisha au mpya ukianza. Kichwa kilikatwa kikapelekwa Constantinople kwa Sultani, kikawekwa juu ya mti watu wakione.

Mwili, kwa mapokeo, ulizikwa Snagov, monasteri iliyoko kwenye kisiwa cha ziwa karibu na Bucharest. Wageni wanaonyeshwa jiwe mbele ya madhabahu, kuna picha yake na taa. Mwaka 1933 walichimba chini ya jiwe lile wakatoa mifupa ya wanyama, na ya farasi ikiwemo. Jiwe likarudishwa mahali pake na taa bado inawashwa.